Kwa nini China bado inauza kuliko inavyonunua

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Tangu nikiwa sekondari nasikia viongozi wa China wakisema wanataka uchumi wao usitegemee tena kuuza nje, uendeshwe na manunuzi ya Wachina wenyewe. Leo nina miaka thelathini na kitu, na kila nikifungua habari naona magari na paneli zao za jua zikizidi kumwagika duniani. Serikali ile ikiamua kujenga reli, reli inajengwa. Inashindwaje jambo jepesi kama kuwafanya watu wake bilioni 1.4 watumie pesa? Ni Wachina wanaopenda mno kuweka akiba, au ni viongozi ambao hawakumaanisha?

Jibu: Salama, ndugu msomaji. Kumbukumbu yako ni nzuri. Desemba 2004, mkutano mkuu wa uchumi ambao chama na serikali hufanya kila mwisho wa mwaka ulikubaliana kwamba ukuaji uegemee zaidi matumizi ya ndani. Machi 2007 Waziri Mkuu Wen Jiabao aliwaambia waandishi wa habari kuwa uchumi wa nchi yake hauko imara, hauna mizani, hauna uratibu na hauwezi kuendelea hivyo. Aliyasema hayo akiwa ameshika usukani mwenyewe. Mei 2020 Xi Jinping akaleta jina jipya, mzunguko wa pande mbili: soko la ndani liwe nguzo, la nje liwe msaidizi. Swali la kama walimaanisha naliweka kando kidogo, nitalirudia.

Kwanza nikuambie kitu ambacho huenda kitakushangaza: sehemu ya ahadi ile ilitimia. Mwaka 2006 mauzo ya nje ya bidhaa na huduma yalikuwa sawa na asilimia 36 hivi ya pato la taifa. Miaka ya karibuni yamekuwa kama asilimia 20. Ziada ya China katika hesabu zake na dunia, yaani inachopata kutoka nje ukitoa inacholipa nje, ilikaribia asilimia 10 ya pato la taifa mwaka 2007, kisha ikaporomoka hadi karibu sifuri mwaka 2018. Mtu anayetazama namba hizo tu angesema kazi imekwisha na vyombo vimeoshwa.

Tatizo ni kile kilichokalia nafasi iliyoachwa. Novemba 2008, wanunuzi wa Marekani na Ulaya walipofunga mikoba yao, Beijing ilitangaza mpango wa yuani trilioni 4. Fedha hizo, na mikopo ya benki iliyozifuata ambayo ilikuwa mingi kuzidi mpango wenyewe, zilikwenda kwenye reli za kasi, barabara, viwanja vya ndege na nyumba, nyumba, nyumba. Uwekezaji ukapanda hadi asilimia 46 au 47 ya pato la taifa, kiwango ambacho nchi kubwa huwa haifiki. Na hayo nayo ni mahitaji ya ndani! Saruji iliyomwagwa Chongqing hainunuliwi na mtu wa Chicago. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu watenganishe mambo mawili ambayo magazeti huyachanganya: mahitaji ya ndani, ambamo kuna kila kitu kinachonunuliwa ndani ya mipaka pamoja na madaraja na mitambo, na matumizi ya kaya, yaani kile ambacho watu wenyewe hununua ili waishi. China ilipandisha la kwanza huku la pili likibaki chini. Ule mkutano wa 2004 ulifanyika wakati matumizi ya kaya yakiwa kama asilimia 40 ya pato la taifa. Kufikia 2010 yalikuwa yameshuka hadi asilimia 35 hivi. Leo yamepanda tena, yanakaribia pale yalipokuwa siku ahadi inatolewa. Miaka ishirini ya kuzunguka mbuyu. Marekani fungu hilo ni kama asilimia 68, na wastani wa dunia unapita 50.

Sasa tuje kwenye akiba. Hoja ya kwamba Wachina kwa asili yao ni watu wa kubana matumizi siiamini sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 matumizi ya kaya nchini China yalikuwa kama nusu ya pato la taifa. Watu ni walewale, wazee wao ni walewale, methali zao za kuhimiza akiba ni zilezile. Utamaduni hauwezi kugeuka kiasi hicho ndani ya kizazi kimoja. Kilichogeuka ni mgawanyo: katika kila yuani mia zinazozalishwa, ngapi zinamfikia mtu mkononi? Kwa miaka mingi sasa kaya za China zimekuwa zikibaki na takriban 60, baada ya kodi na mafao yote kuhesabiwa. Zinazobaki huishia kwenye kampuni na serikalini. Kaya ikipokea 60 na kuweka theluthi moja, matumizi hayawezi kupita 40 hata ungetoa hotuba za kuhimiza manunuzi asubuhi na jioni. Mkono mtupu haulambwi.

Unaweza kunirudisha nyuma hapa: mbona mwisho wa 2024 amana za kaya katika benki za China zilizidi yuani trilioni 150, zaidi ya pato la taifa la mwaka mzima? Ni kweli. Lakini amana hizo hazikugawanywa sawa hata kidogo. Mei 2020, akiwa bado Waziri Mkuu, Li Keqiang alitamka hadharani kwamba watu milioni 600 nchini humo walikuwa na kipato cha yuani 1,000 hivi kwa mwezi. Wenye akaunti nono na hao milioni 600 ni watu tofauti. Aliyenazo ameshanunua gari. Aliye tayari kununua hana.

Pesa hiyo ya kaya ilipotelea wapi? Haikuibwa usiku. Ilihamishwa mchana, kwa njia ambazo kila moja ilionekana ya busara wakati wake. Benki kwa mfano. Hadi Oktoba 2015 serikali iliweka dari kwenye riba ya amana. Februari 2008 bei zilikuwa zimepanda kwa asilimia 8.7 ndani ya mwaka, na amana ya mwaka mmoja ikilipa asilimia 4.14. Mwenye amana alikuwa akipoteza, mwenye mkopo akipata, na wenye mikopo walikuwa mashirika ya umma na wajenzi wa miundombinu. Sarafu nayo ilifanya kazi hiyohiyo: hadi Julai 2005 dola moja ilibadilishwa kwa yuani 8.28, bei iliyomnufaisha muuzaji wa nje na kumfanya kila anayenunua kitu cha kigeni alipe zaidi. Hiyo ni kodi, ila haina risiti. Njia hizo mbili zimepungua makali. Iliyobaki, na ambayo kwangu ndiyo kiini cha mkasa wote, ni hukou.

Hukou ni daftari la ukaazi, lililowekewa sheria mwaka 1958, linalomfunga kila Mchina na mahali alipoandikishwa. Zamani lilizuia watu kuhama. Siku hizi kuhama unaweza, ila haki zako zinabaki nyuma. Mwisho wa 2023, asilimia 66 ya Wachina walikuwa wakiishi mijini, lakini walioandikishwa kama watu wa mjini walikuwa asilimia 48. Pengo hilo ni watu zaidi ya milioni 240. Mfikirie mtu wa kijiji cha Henan anayefanya kazi kiwandani Shenzhen. Mwanawe hana uhakika wa nafasi katika shule ya serikali pale, hivyo ama anabaki kijijini na bibi yake, ama analipiwa shule binafsi. Akiugua, bima yake ya kijijini humrudishia kidogo akitibiwa nje ya jimbo lake. Akizeeka atarudi kwao. Mtu wa namna hiyo hawezi kuishi kama mkaazi wa mji hata akikaa humo miaka ishirini. Anapanga chumba, hanunui samani za maana, anatuma pesa nyumbani na kuweka nyingine kwa ajili ya siku asiyoijua. Watafiti wengi wamewahi kulinganisha wahamiaji na wenyeji wenye kipato sawa, na picha ni ileile: mhamiaji hutumia kidogo. Kumwita bahili ni kumwonea.

Halafu uzee. China ina mifuko ya pensheni iliyopishana kama mbingu na ardhi. Mstaafu aliyeajiriwa na kampuni mjini hupata kwa wastani zaidi ya yuani 3,000 kwa mwezi. Mzee wa kijijini yumo kwenye mfuko wa wakazi, wenye wapokeaji zaidi ya milioni 170, ambao wastani wake ni yuani mia mbili na kitu tu. Kiwango cha chini kinachohakikishwa na serikali kuu kilipandishwa mwaka 2024 kwa yuani 20, kikafika 123. Kwa mwezi! Watoto wa wazee hao ndio walewale wanaofanya kazi viwandani, na wanajua nani atawalisha wazazi.

Hebu tupige hesabu ya haraka. Tuseme kila mmoja wa hao milioni 170 aongezwe yuani 500 kwa mwezi. Hiyo ni yuani 6,000 kwa mwaka, jumla yake kama trilioni moja. Pato la taifa la 2024 lilikuwa karibu trilioni 135. Yaani kwa chini ya asilimia moja ya pato la taifa, pensheni ya mzee wa kijijini ingezidi mara tatu, na kwa kuwa ni maskini angeitumia karibu yote. Nchi iliyojenga mtandao mkubwa kuliko wote duniani wa reli za kasi haikosi uwezo huo. Ukinibana niseme hatua moja tu, nitasema hii, na sitaomba muda wa kufikiri.

Kwa nini basi haifanyiki? Tazama anayelipa. Tangu mageuzi ya kodi ya 1994, serikali kuu huchukua sehemu kubwa ya mapato, huku majimbo, miji na wilaya zikibaki na mzigo wa shule, hospitali na huduma nyingine. Kuziba pengo, serikali za mitaa ziliuza haki za kutumia ardhi kwa wajenzi wa nyumba. Mwaka 2021 mauzo hayo yaliingiza yuani trilioni 8.7, kufikia 2024 yalikuwa yameshuka chini ya trilioni 5, na madeni ya nyuma yanadai. Sasa muombe meya wa mji kama huo awape hukou wahamiaji laki tano na watoto wao. Kwake kila mhamiaji anayeandikishwa ni gharama. Kiwanda kipya, kinyume chake, ni neema: kodi ya ongezeko la thamani hukusanywa zaidi pale bidhaa inapozalishwa, si pale inapotumiwa, na mji hupata nusu yake. Meya mwenye akili timamu atajenga kiwanda cha betri hata kama mji wa jirani tayari unavyo vitatu. Beijing inahubiri matumizi, lakini mfumo wake wa kodi unalipa uzalishaji.

Hapo ndipo tunafika kwenye hayo magari unayoyaona kwenye habari. Agosti 2020 serikali iliwawekea wajenzi wa nyumba masharti makali ya madeni, maarufu kama mistari mitatu myekundu. Lengo lilikuwa zuri, kwa sababu nyumba zilikuwa zimegeuka kamari. Lakini Evergrande, mmoja wa wajenzi wakubwa, ilishindwa kulipa madeni yake mwishoni mwa 2021, wengine wakafuata, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Kwa familia ya Kichina nyumba ndiyo benki, ndiyo pensheni, ndiyo mahari; zaidi ya nusu ya mali ya kaya imo humo. Bei zikishuka, watu hufunga mikanda. Mikopo iliyokuwa ikienda kwenye nyumba ikaelekezwa viwandani: magari ya umeme, betri, paneli. Viwanda vikazalisha, wanunuzi wa ndani wamenywea, mzigo ukatafuta mlango wa nje. Mwaka 2020 China iliuza nje magari milioni moja hivi. 2023 yalikuwa milioni 4.9, ikaipita Japani na kuwa ya kwanza duniani. Ziada ya biashara ya bidhaa mwaka 2024 ilikaribia dola trilioni moja. Ndani ya nchi, bei za bidhaa zinapotoka kiwandani zilianza kuwa chini ya zile za mwaka uliotangulia kuanzia Oktoba 2022, na zikaendelea hivyo mwezi baada ya mwezi. Wachina wenyewe wana neno, neijuan, kujiviringisha kwa ndani: ushindani wa kutokwa jasho ambao hakuna anayetoka nao na faida.

Kwa hiyo fungu la mauzo ya nje lilipungua kwa sababu ya nyumba, na nyumba zilipoanguka, dunia ikaitwa tena. Kaya haikuwahi kupewa zamu yake.

Serikali haikukaa kimya, ni haki kusema hivyo. Mwaka 2024 ilitenga yuani bilioni 150 kwa mpango wa kubadilisha vitu vikuukuu: unarudisha jokofu au gari la zamani, unapunguziwa bei ya jipya. Mwaka 2025 kiasi kikawa bilioni 300. Mauzo ya vyombo vya nyumbani yalipanda kweli. Ila bilioni 300 ni kama asilimia 0.2 ya pato la taifa, na mtu aliyenunua jokofu mwaka huu kwa sababu ya punguzo hatanunua jingine mwakani. Umelivuta tu hitaji la kesho ukalileta leo. Angalia pia kwamba ruzuku hiyo inapita tena kwa mwenye kiwanda. Hata inapoamua kumsaidia mnunuzi, Beijing huanzia upande wa muuzaji, kama mtu aliyezoea mkono mmoja.

Kuna wanaosema dawa ni kupandisha thamani ya yuani. Wachina hujibu kwa kuitaja Japani, na woga wao una historia. Septemba 1985, katika hoteli ya Plaza mjini New York, mataifa matano yalikubaliana kuishusha dola. Dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa yeni 240 hivi ikafika karibu yeni 150 ndani ya mwaka mmoja. Aprili 1986 kamati iliyoongozwa na Haruo Maekawa, gavana wa zamani wa benki kuu, ikapendekeza Japani iegemee mahitaji ya ndani, karibu neno kwa neno na yale ambayo Beijing ingekuja kuyasema. Lakini kilichofanyika hasa ni kushusha riba: benki kuu ilifika asilimia 2.5 Februari 1987 na kukaa hapo hadi 1989. Pesa rahisi ikakimbilia ardhi na hisa, soko likafika kilele siku za mwisho za Desemba 1989, na yaliyofuata ni anguko la bei na miaka mingi ya uchumi kudorora. Somo linalotajwa Beijing ni kwamba yeni iliwaponza. Mimi nasoma tofauti: kilichowaponza ni kujaribu kuziba pengo la mauzo ya nje kwa mikopo na ardhi badala ya kipato cha watu, na kosa hilo China imeshalirudia bila kusaini mkataba wowote hotelini. Yuani ikipanda peke yake, bila kaya kuongezewa kipato, viwanda vitapunguza wafanyakazi na hao wafanyakazi ndio wanunuzi unaowatafuta.

Hata nia ikiwepo, muda ni mrefu. Tuseme China inataka matumizi ya kaya yatoke asilimia 40 hadi 50 ya pato la taifa kwa miaka kumi. Uchumi ukikua kwa asilimia 4, matumizi lazima yakue kwa zaidi ya asilimia 6 kila mwaka, miaka kumi mfululizo, na kitu kingine, hasa uwekezaji, kikue polepole kuliko uchumi. Saruji, chuma, na majimbo yanayoishi kwa hivyo, vitaumia. Ukitaka uwekezaji ushuke haraka kabla matumizi hayajapanda, ukuaji wote unaanguka. Hakuna njia ambayo haina wanaolia.

Sasa lile swali la kumaanisha. Nadhani walimaanisha, kwa maana kwamba wangependa matokeo. Bei yake ndiyo hawajaikubali. Reli unaijenga kwa kuamuru pesa iende mahali fulani. Matumizi ya kaya yanataka uiachie pesa iende usikojua: mtu anunue gitaa, aende matembezi, au aache kazi mbaya akitafuta nzuri. Katika makala iliyochapishwa Oktoba 2021 na jarida la chama, Qiushi, Xi alionya dhidi ya kutumbukia katika mtego wa ustawi unaowalea wavivu. Kiongozi anayeona hivyo, na anayeona pia kwamba Marekani inaweza kumfungia teknolojia wakati wowote, ataipeleka yuani ya ziada kwenye kiwanda cha chipu kabla ya kumpelekea bibi wa Henan. Simwiti mjinga, vita vya ushuru tangu 2018 vimempa sababu. Lakini ukichagua chipu kila mwaka, usishangae bibi hanunui.

Mbegu zipo. Mwaka 2017 iliamuliwa asilimia 10 ya hisa za mashirika ya umma zihamishiwe kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii, na kwangu hilo ni wazo zuri kuliko kuponi zote za majokofu, kwa sababu linagusa umiliki. Hadi sasa gawio linalofika kwa wazee ni dogo. Miji midogo imelegeza hukou. Ile mikubwa yenye kazi nzuri bado inachagua watu kwa pointi.

Ukitaka kufuatilia mwenyewe, usihangaike na takwimu za maduka za kila mwezi, zinapanda na kushuka na sikukuu. Kila Machi Bunge la Umma linapokutana Beijing, Waziri Mkuu husoma ripoti ya kazi. Ruka kurasa za teknolojia, tafuta mstari mmoja unaotaja kiwango cha chini cha pensheni ya wakazi. Mwaka 2024 nyongeza ilikuwa yuani 20. Mwaka 2025, licha ya kutangazwa kwamba matumizi ndiyo kipaumbele cha kwanza, ilikuwa yuani 20 tena. Ukiona siku moja imeandikwa 200, niandikie upya swali hili, maana sehemu kubwa ya jibu langu itakuwa imepitwa na wakati.